Wali kwa Samaki

Mwaka niliohamia Ngamiani nilipewa darasa la awali, watoto arobaini na kitu, nusu yao bado wananyonya vidole. Somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa la makundi ya chakula, kwa sababu lina picha. Walijua kupanga: muhogo na mahindi huku, maharage na samaki kule, kisha mchicha, embe, mafuta. Waliimba makundi hayo mpaka njiani wakirudi kwao, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Kisha mwalimu mkuu akaniletea daftari. Kulikuwa na watu walioahidi uji wa lishe kila asubuhi kwa watoto wasiopata mlo wa kutosha. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza kila mtoto alichokula jana yake na kuandika kama alivyosema, kwa wiki nzima.

"Usiwapambie," alinionya. "Atakayeandikwa kashiba, uji haumhusu."

Jumatatu nikauliza. Mtoto wa kwanza akasimama: wali kwa samaki. Wa pili, wali kwa samaki. Nilipofika wa kumi na tano nilikuwa nimeshika kiuno. Darasa zima lilikula wali kwa samaki, na Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano, katika mtaa ambao mchele dukani unapimwa kwa kikombe cha chai.

Ningekuwa mgeni wa pwani ningeshangaa. Lakini mimi nimezaliwa Tongoni, na mama yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga vifungo: kilichomo chunguni hakitoki nje ya mlango. Ukibanwa sana, sema wali. Kumwambia mtu baki kwamba mmelala na chai ni kumvua mama yako nguo barabarani. Nilipata kofi kwa ajili hiyo nikiwa na miaka sita, na shavu langu bado linalikumbuka. Sasa nilitakiwa kuwafanya watoto wa wenzangu wawavue mama zao, tena kwa maandishi.

Aliyenibana zaidi ni mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano, tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja. Nyumba zetu hizi zina vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na uwani jiko la wapangaji wote. Chumba changu kilitazamana na chake yeye na mama yake, na sufuria yao niliiona kila siku. Ilikuwa bada, ule ugali wa unga wa muhogo, kwa chumvi na pilipili, na siku nyingine chai ya rangi peke yake. Nywele za mtoto zilianza kupauka. Saa nne asubuhi alikuwa akisinzia juu ya dawati. Uji ule ulikuwa wake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ila niliyajua hayo kwa kuwa napika kando ya mama yake. Anayepika nawe uwani ana macho, hana mdomo. Bila hivyo nyumba ile isingekalika hata wiki. Nikiandika, mama atajua nani kasema. Nisipoandika, mtoto ataendelea kusinzia. Nilizunguka na daftari lile kama mtu aliyeshika sufuria ya moto asione pa kuitua, na nikawachukia wote walionipa.

Ijumaa, siku ya mwisho, nilimwita mezani wenzake wakiwa nje wanacheza.

"Mwanangu, mimi nipo uwani pale pale," nikamwambia taratibu. "Niambie kweli jana mlikula nini, upate uji."

Akanitazama. Hakuogopa, naapa alinionea huruma. "Tulikula wali kwa samaki, mwalimu." Kisha akasogea, akaninong'oneza: "Na wewe ulikula wali kwa samaki. Mama kasema nikiulizwa niseme hivyo."

Jana yake nilikuwa nimekula mkate mkavu kwa chai.

Nilikasirika na kuona haya kwa pamoja. Kumbe muda wote nilipokuwa nawachungulia sufuria, mama na mwana walikuwa wananisitiri. Natamani niseme mkono uligoma. Haukugoma. Uliandika wali, ukaandika samaki, kwa mwandiko mzuri kabisa, na uji ukaenda shule nyingine.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliwaandikia wazazi kwenye kundi lao la simu kwamba watoto wa awali wote wanakula vizuri. Siku hiyo, baada ya alasiri, mama yule alinijia uwani na sahani iliyofunikwa kawa.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Mie nilijua utaandika ya kweli. Nilikuwa nshapanga kuhama kwa aibu. Umetusitiri, Mungu akusitiri na weye."

Nikafunua kawa. Ilikuwa mihogo ya nazi, sahani tele. Nyuma yake niliiona sufuria, imeshaoshwa, imefudikizwa chini. Nikiikataa, nitakuwa nimemwambia usoni kwamba najua hakuna nyingine. Basi nikanawa, nikaanza kula, naye akasimama pale akinitazama kwa furaha.

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini, macho yake yakifuata mkono wangu. Nikamkaribisha.

"Kula tu, mwalimu," akasema. "Sisi tumeshakula."