Mama Mkwe Alivyomlea Kinyonga Wangu

Nilikuwa na kinyonga kabla sijawa na mume. Alinifikia ndani ya kabichi iliyotoka Kibumba. Mama aliyekuwa akiniuzia mboga alifunua majani, akamwona, akaitupa kabichi nzima chini na kuanza kutafuta jiwe. Mimi hufundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nilikuwa nimemchora kinyonga ubaoni bila kuwahi kumshika. Nikamfunika kwa kitambaa changu cha kichwa, nikaenda naye nyumbani. Alikuwa dume, wa kijani, mwenye pembe tatu usoni.

Nilimjengea kibanda cha mbao na chandarua uani kwangu, mtaa wa Mapendo, juu ya mawe meusi ya volkano. Majirani wakaacha kukatiza uani. Huku kwetu kinyonga anaogopwa kuliko nyoka. Wanasema akikutazama tu, ameshakuharibia jambo. Mume wangu hakumpenda, lakini alinipenda mimi, kwa hiyo alinyamaza.

Mimba yangu ilipofika miezi mitatu, nilimtajia muuguzi wa kituo cha afya kwamba nafuga kinyonga. Nilidhani atacheka.

"Usimguse tena, mama," alisema. "Wala mavi yake, wala maji yake. Wanyama wa namna hiyo wanabeba vijidudu hata wakiwa wazima, na mtoto aliye tumboni hawezi kujitetea. Mtu mwingine amwangalie. Na huyo mtu anawe kwa sabuni kila mara."

Mtu mwingine hakuwapo. Mume wangu alikuwa Butembo kwa biashara yake ya maharage, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Jirani yangu aliniambia angenifulia, angenichotea maji, hata angenipikia, lakini ile nyama, alivyomwita mnyama wangu, hapana. Siku mbili nilikaa nikimtazama kinyonga kupitia chandarua, akizungusha macho, moja juu, moja chini, akimtafuta panzi ambaye hakuwapo. Kumwachilia niliogopa. Asingemaliza siku moja katika mtaa wetu.

Mama mkwe wangu anaishi mtaa wa Murara. Alizaliwa Butembo, ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na alilea watoto saba karibu peke yake. Habari za kinyonga nilikuwa nimemficha tangu harusi. Kila alipotutembelea nilifunika kibanda kwa turubai na kumwambia ni cha kuku. Mtu fulani kanisani ndiye aliyemwambia. Siku ya tatu alisukuma geti, akaingia bila kusalimia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Banasema unafuga kinyonga."

"Ndiyo, Mama."

"Na mutoto iko mu tumbo."

"Ndiyo, Mama."

Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya muuguzi, kisha nikangoja aniamuru nimtupe. Akavuta kiti, akakaa, akakiangalia kile kibanda kwa mbali.

"Anakulaka nini?" aliuliza.

"Panzi, Mama. Na majani yanyunyiziwe maji asubuhi. Hanywi kwenye bakuli."

"Panzi." Alifikiri kidogo. "Basi anajua kula. Mi nitamulisha. Lakini wewe usisogee pale hata siku moja."

Kuanzia kesho yake alikuja kila asubuhi baada ya misa, kwa miguu kutoka Murara, akiwa na panzi ndani ya chupa ya plastiki. Alikuwa amewakamata mwenyewe, kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Alivaa glavu za jikoni, akafungua chandarua huku uso ameugeuzia ukutani, midomo ikisali. Mimi sikuwahi kumwogopa yule mnyama, kwa hiyo kumlisha hakukunigharimu chochote. Yeye alimaliza akiwa ametoa jasho, akarudi tena kesho yake.

Zaidi ya hayo, aliifanya kazi vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nikimwaga maji ya kibanda popote. Yeye alitenga beseni, sabuni na bidoni ya maji, akatenga na kitenge cha kuvaa kwenye kazi hiyo tu, kikaning'inia nje. Kitu cha kinyonga hakikuvuka mlango wa jikoni. Alisoma shule ya msingi tu, na alilishika somo la muuguzi kuliko mimi mwalimu.

Nikiwa na mimba ya miezi minane, siku moja nilisikia akiniita kwa sauti ndogo sana.

"Mama, kuya. Kuya polepole."

Kinyonga alikuwa amepanda glavu, amepita mkono wa blauzi, na sasa alikuwa begani kwake. Mama mkwe alikuwa amesimama kama mti, macho ameyafumba. Nilinyoosha mkono nimtoe. Mama mkwe alihisi, akafumbua jicho moja.

"Usiguse," alisema. "Uniambie tu nifanye nini."

Nikamwambia achukue tawi, aliweke mbele ya miguu ya mnyama, angoje. Kinyonga anapenda kupanda juu. Alingoja pale, mimi nikimweleza kila hatua aliyopiga mnyama, mpaka mkia ulipomaliza kujikunjua begani na kuhamia kwenye tawi. Akamrudisha kibandani, akafunga chandarua, akanawa mikono mpaka viwiko, na shingo pia. Kisha akakaa chini na kuomba chai. Tangu siku hiyo alianza kumlisha akimtazama.

Nilijifungua binti. Wanawake wa mtaani walipokuja kumwona, mmoja aliyatazama macho yake yaliyokuwa yakitangatanga, kama ya kichanga yeyote, akasema polepole kwamba ndiyo hayo, ni kazi ya kinyonga.

Mama mkwe alikuwa akikunja nepi. "Ni mi nilimushikaka ile nyama kila siku," alisema bila kuinua kichwa. "Kama iko na kitu, ingenipata mi. Mutoto wako naye macho yalizunguka. Nilimuogesha, nilimuona."



Mume wangu alifika mtoto akiwa na miezi minne, baada ya kuzunguka kupitia Uganda. Alisimama getini na begi lake, akamkuta mama yake akimnyunyizia kinyonga maji na kumweleza habari za mahubiri.

"Mama, ni wewe?"

"Funga geti," alijibiwa. "Atapigwa na baridi."

Kinyonga alikufa msimu wa kiangazi, uzee tu, nadhani. Mama mkwe alimkuta asubuhi, akamzika nyuma ya choo kabla sijaamka, akachoma kitenge na glavu. Nilijua hatakuja tena kila siku.

Kesho yake geti lilifunguka saa ile ile. Aliuliza ninarudi lini shuleni. Nikamwambia shule imeniita tangu wiki iliyopita, sikuwa na wa kumwachia mtoto. Akanawa mikono, akamchukua binti yangu mapajani.

"Uende," alisema. "Batoto banakungoja."

Nilivaa viatu, nikaenda.