Msumeno Uliolia Kama Ule wa Zamani

Mke wa Vumbi alikuwa amepikia chini ya mti ule miaka yote ya ndoa yao. Mti wenyewe ulikuwa mnene, watu wazima wawili wakiukumbatia vidole havikutani, na uliinamia jiko kidogo kama mtu anayechungulia chungu. Hakuna aliyejali. Lakini msimu huu udongo wa nyuma ya shina ulipasuka, mizizi ikachomoza, na mama wa watu akawa anakoroga mboga huku macho yakiwa juu.

"Baba watoto," alisema asubuhi moja, "mvua zikija, huu unanilalia. Waite vijana wenye mashine."

"Vijana!" Vumbi akaweka kikombe chini. "Nimeangusha miti tangu baba zao wanatambaa, leo niwaite waje kuukata wa nyumbani kwangu?"

"Utaukata na nini? Meno? Nayo yamebaki mangapi?"

Hapo alimshika pabaya. Msumeno wake wa mnyororo ulikufa zamani na kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

"Nitanunua mwingine. Mkuukuu. Kazi yenyewe ya mara moja moja, mpya wa nini?"

Mkewe akafunika chungu. "Haya, nunua. Ila ukumbuke, ukizimika katikati ya mti, chini yake kuna jiko langu na mimi mwenyewe."

Jina la Vumbi alilipata kazini, enzi za kupasua mbao kwa msumeno wa kuvutana, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa shimoni. Jioni alitoka huko mweupe mpaka kope. Aliyekuwa juu ni rafiki yake, na siku moja walipopita kwao kunywa maji, dada wa huyo rafiki alileta kata, akamtazama mgeni, akauliza, "Kaka, huyu umemtoa kwenye gunia la unga?" Vumbi alicheka hadi maji yakampalia. Rafiki akawa shemeji.

Kisha ukaja msumeno wa injini, wakaununua kwa kuchanga, na wakaingia nao misituni asubuhi za ukungu. Ulinguruma vizuri, halafu mwisho wa mngurumo ukaweka kikohozi kidogo, kha-kha, kama mtu anayebisha hodi. Mlio ule Vumbi aliupenda. Alikuwa akiusikia hata akiwa mbali akiokota kuni, akajua shemeji yake yuko wapi na kazi imefika wapi. Shemeji ndiye aliyeushika zaidi, na masikio yake ndiyo yaliyolipa. Sasa ni kiziwi, mtu wa kuzungumza naye kwa ishara zilezile za msituni: ngumi kwa simama, kiganja kwa polepole.

Hawa wawili ndio waliokwenda kwa fundi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati, sakafu nyeusi kwa oili, na misumeno ikining'inia ukutani kama nyama buchani.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, fundi. Tunataka mkuukuu wenye nguvu. Mti mnene."

Fundi aliwaonyesha kwanza mdogo, mpya, unang'aa. Shemeji aliunyanyua kwa mkono mmoja.

"HUU WA KUKATIA KUCHA," alisema kwa sauti ya viziwi, na mwanamke aliyekuwa akipita nje akageuka.

"Kweli, mzee," fundi alicheka. "Huo ni wa matawi. Kwa mti mnene chukua mkubwa uliotumika. Bei yake iko chini kwa sababu vijana hawapendi uzito."

Akateremsha wa pili, akavuta kamba. Ukawaka. Ukanguruma, na mwisho wa mngurumo, kha-kha.

Vumbi alisimama wima. Banda la mabati likamtoka machoni. Alinusa utomvu, akaona ukungu ukipanda kati ya mashina na shemeji yake, bado kijana, kifua wazi, akimwita kwa mkono. Mpaka fundi alipozima, yeye bado yuko huko.

"Huu huu," alisema. "Usitafute mwingine."

Lakini shemeji alikuwa ameweka kiganja juu ya injini muda wote, kama mama anayempima mtoto. Akatikisa kichwa.

"UNA HOMA."

"Homa gani? Husikii unavyolia!" Vumbi akasahau kwamba ni kweli, hasikii.

Shemeji hakubishana. Alikamata kishikio cha kamba ya kuwashia, akauachia msumeno uning'inie kwa kamba yake. Ndivyo walivyopima siku zote. Injini nzima, isiyolika, hushuka kwa kusitasita, kama bibi anayeteremka ngazi. Huu uliporomoka, pu, hadi karibu na sakafu.

"Mzee, sikufichi," fundi akasema taratibu. "Hicho kikohozi ni pistoni imelika. Hapa utawaka. Ukipata joto ndani ya mti mnene, utazima."

"Wetu ulilia hivihivi miaka yote."

"Basi na wenu ulikuwa mgonjwa."

Vumbi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliukumbuka mti mmoja ambao msumeno ulizimikia ndani, ukanasa, mti ukabaki umesimama kwa unene wa vidole viwili. Wao wakajiweka mbali, wakala viazi baridi na kupiga soga hadi upepo ulipoumalizia. Siku kama zile zilikuwa nyingi. Yeye aliziita mapumziko, na alizihesabu kati ya siku zake nzuri. Kumbe walikuwa wanauguza mgonjwa, na wimbo alioupenda ulikuwa wa maradhi.

"Ulijua?" alimuuliza shemeji yake, akielekeza kidole kwenye msumeno, kisha nyuma ya bega lake, kule zamani.

Shemeji alielewa. Akainua mabega. "ULIKUWA UNAUPENDA," alisema.

Fundi akashusha wa tatu. Sura yake mbaya, rangi imebambuka, kishikio kimefungwa mpira wa baiskeli. Lakini ubapa unaobeba mnyororo ulikuwa mrefu, breki ilishika, na vipuri vyake vinapatikana. Fundi aliuelekeza kwenye kipande cha boksi, ukachora mstari wa oili, kwa hiyo mnyororo haukosi kulainishwa. Shemeji akauning'iniza: ukashuka kidogo, ukasita, ukashuka tena. Mlio wake ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama mtu anayejibu "ndiyo" na kunyamaza.

Vumbi aliutazama ule wenye kikohozi, akautazama huu. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akilini akamwona mkewe, mwiko mkononi, macho juu.

"Tufungie huu," alisema.

Siku ya kazi mkewe alihamisha vyungu vyote nyumbani kwa jirani, na jirani mwenyewe akaja kutazama. Walifunga kamba juu kwenye shina, wakaivuta kando na kuikaza, mti ulalie shambani, si jikoni. Vumbi akakata mdomo, pengo la kuuelekeza mti, upande wa shamba, kisha akaja nyuma. Shemeji akagongea kabari za mbao, kiganja chake kingine kikiwa juu ya gome, akisikiliza kwa ngozi. Msumeno uliingia, ukaingia, hadi katikati, mahali pale pa kuogopwa. Haukubadilisha sauti. Bega lilimuuma Vumbi, jasho likamjaa machoni, na mti ukabaki umeshikwa na ubavu mwembamba tu, kama bawaba ya mlango.

Shemeji akainua ngumi. Vumbi akachomoa, wakarudi nyuma kwa pamoja. Mti ulifikiria kidogo, kisha ukalala shambani na ardhi ikaruka.

Mkewe alisimama mlangoni, mkono juu ya paji la uso. Jua lilikuwa limeingia uani kwa mara ya kwanza tangu awe bibi arusi hapo. Paa la jiko lilionekana limechakaa, dogo, na kuku walizunguka wakitafuta kivuli pale kilipokuwa.

"Joto litatuua sasa," alisema, lakini alishaanza kuita vyungu vyake virudi.

Shemeji alikuwa tayari juu ya gogo, akipima kwa hatua pa kuanzia. Akamwonyesha Vumbi upande wa chini, upande wake wa siku zote. Vumbi akajifuta uso, akavuta kamba ya msumeno.