Ufizi wa Uzi wa Sweta

Kuna watu hapa Eldoret wanaocheka mpaka gego la mwisho kwa meno ya Leonida Musimbi, na ukimsimamisha mbele yao leo watakuuliza huyu mama ni nani. Si kosa lao. Mtu wa meno ya bandia hupimwa na daktari, huvalishwa na daktari, na asante yake humpa daktari. Aliyeyatengeneza yuko chumba cha nyuma, karibu na choo, amejaa vumbi la plasta mpaka kwenye kope.

Leonida alikaa chumba hicho miaka kumi na tisa, katika kliniki ya Daktari Johnstone Shitanda. Wote wawili walikuwa watu wa Vihiga, na daktari alikuwa akimwita dada. Dada njoo, dada fanya haraka, dada huyu mteja anasafiri kesho. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anapanga meno kwenye nta, anayafunika kwa plasta, anaiyeyusha nta itoke, na pale ilipokuwa nta anajaza ufizi. Ufizi huo ni unga wa plastiki unaochanganywa na maji yake, makali, yenye harufu ya kupasua kichwa, mpaka ushikane kama unga wa chapati. Kisha unabanwa ndani ya chuma na kuchemshwa kwenye sufuria, polepole, saa baada ya saa. Ukiharakisha moto, ufizi unatoka na matundu kama mandazi. Leonida hakuwahi kuharakisha moto.

Shida ilikuwa moja tu. Unga ule ulikuja wa pinki. Pinki ya ufizi wa mzungu, katoni baada ya katoni, miaka nenda miaka rudi. Sasa wewe fungua mdomo usimame mbele ya kioo, halafu uniambie kama una pinki hiyo. Wengi wetu ufizi ni wa hudhurungi, una weusi hapa na zambarau pale. Lakini hakuna mgonjwa aliyelalamika. Mtu aliyetafuna kwa fizi tupu miaka mitano, akipewa meno, hana nguvu ya kuanza kuchagua rangi.

Hata Leonida hakulalamika, mpaka siku alipomzika mama yake.

Meno ya mama alikuwa ameyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na alijivunia. Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani, likafunguliwa, watu wakapita mmoja mmoja kumuaga. Mdomo wa marehemu ulikuwa umeachia kidogo. Uso mweusi, mtulivu, mzuri hata katika kifo, na katikati yake ile pinki inang'aa kwa jua la saa saba. Mtoto mmoja wa jirani akauliza kwa sauti, "Nyanya anakula pipi?" Mtu nyuma akacheka kabla hajajizuia. Kicheko kile kilimkata Leonida maini. Alimzika mama yake akiwa na aibu juu ya huzuni, na aibu ile alijua ni kazi ya mikono yake.

Akarudi Eldoret, nyumbani kwake mtaa wa Langas, na neno moja kichwani: ufizi wa mtu mweusi utakuwa wa mtu mweusi.

Alianza na masizi. Ufizi ukatoka mweusi tii, ukaanguka mara moja tu sakafuni ukapasuka vipande viwili. Akajaribu kahawa, ilipendeza wiki moja, ikafifia. Akajaribu udongo mwekundu, akapata kitu cha kukwaruza ulimi kama tofali. Hayo yote aliyafanya saa ya chakula cha mchana, kwa mabaki ya unga, wenzake wakimcheka kwamba amekuwa mganga. Mwaka mzima ukaisha hivyo.

Dawa aliipata kwa rafiki yake, Bridgit Adongo, mama wa nyumba ya pili, ambaye hufuma sweta za shule kwa mashine. Chini ya mashine ile huanguka vipande vya uzi na vumbi la uzi: maruni, kahawia, nyeusi. Jumamosi moja Leonida alikuwa amekaa pale akinywa chai, akatazama lile vumbi sakafuni, akaacha kusikiliza anachoambiwa.

"We, nakuongelesha!" Bridgit akasema.

"Nipatie huo uchafu wako."

"Uchafu? Aki, Mama Ashley, umeanza kuchizi sasa?"

Alichukua uzi, akaukatakata kwa makasi mpaka ukawa laini kama unga wa ugoro. Maruni nyingi, kahawia kiasi, nyeusi kidogo tu. Ulipoingia kwenye ule unga wa pinki na kuchemshwa, nyuzi zile zilitulia ndani kama mishipa midogo. Haikuwa rangi iliyopakwa juu. Ulikuwa ufizi unaoonekana una damu ndani yake. Leonida aliushika kiganjani, akaketi kwenye ndoo ya plasta, akalia.

Sasa, kila mwanamke wa Langas anajua kwamba sweta mpya ya shule huchuja rangi. Ukiifua na soksi nyeupe wiki ya kufungua shule, mtoto ataenda shule na soksi za maruni. Kwa hiyo Leonida, kabla ya kuukata uzi, aliuchemsha nyumbani kwenye karai, kwa chumvi na siki, akausuuza, akauchemsha tena, mara saba, mpaka maji yakatoka meupe. Kazi hiyo aliifanya Jumamosi pamoja na nguo zake nyingine. Wala hakuihesabu kama sehemu ya uvumbuzi. Kwake ilikuwa kufua tu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwimbaji wa kwaya kutoka Kesses. Alijitazama kwenye kioo, akaziba mdomo kwa mkono kama alivyozoea, kisha akautoa ule mkono taratibu. "Ni mimi," akasema. "Nimerudi." Daktari Shitanda akasikia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akavuta kiti, akakaa chumba cha nyuma.

"Dada, umefanya nini hapa?"

Leonida akamwonyesha.

"Hii kitu haiwezi kukaa hivi. Tutaiandikisha Nairobi, tupate hataza, cheti cha kusema uvumbuzi ni wetu. Jina lako litakuwa la kwanza, langu lifuate chini yako. Umenisikia?"

Alimsikia, na alimwamini. Kwa nini asimwamini? Alikuwa mtu wa kwao, na alikuwa akimwita dada. Wiki nzima daktari alikaa pale na mizani ndogo na daftari, akapima na kuandika kila kitu alichokiona: unga kiasi gani, uzi wa rangi gani, moto wa namna gani. Uzi ulikuwa ukifika kutoka nyumbani ndani ya mfuko, umeshafuliwa, umekauka. Daktari hakuuliza uzi umetoka wapi na umepitia wapi. Sidhani kama alishawahi kufua sweta maishani mwake.

Miezi minane baadaye kukawa na sherehe hotelini, huko mjini. Leonida alienda na gauni aliloazimwa na Bridgit, nywele zimesukwa upya. Ukutani palikuwa na bango kubwa: UFIZI WA SHITANDA. Akajiambia labda jina lake liko kwenye cheti. Cheti kilikuwa kwenye fremu, mezani. Alikisoma mara tatu, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina lilikuwa moja. Katika hotuba yake daktari alimshukuru Mungu, mkewe, na "wafanyakazi wangu wote." Watu wakapiga makofi. Soda aliyokuwa ameishika Leonida ilipata joto mkononi bila kunywewa.

Jumatatu alimfuata ofisini.

"Daktari, jina langu liko wapi?"

"Dada, usianze hivyo. Uvumbuzi ni wa kliniki. Ulitumia unga wangu, stima yangu, saa zangu. Hata hiyo koti umevaa ni yangu."

Leonida alilivua koti, akalikunja vizuri kwa sababu hakujua kukunja nguo vibaya, akaliweka juu ya meza. Daktari hakumzuia. Kwa nini amzuie? Alikuwa na daftari. Akaajiri mafundi wengine wawili wenye diploma, akanunua uzi wa sweta dukani, mipira mizima mizima, na kazi ikaendelea.

Ikaendelea wiki tano.

Karibu na kina Leonida aliishi Mzee Wakoli, seremala aliyestaafu, ambaye alikuwa amevalishwa yale meno mapya na akazunguka mtaa mzima akitabasamu kwa kila mtu, hata kwa watu aliokosana nao. Asubuhi moja alikunywa kikombe cha maziwa, akakitua, akaona maziwa yaliyobaki yamekuwa mekundu. Akatema mate: mekundu. Mzee akajua ni kansa, na hakumwambia mtu. Aliacha kula. Siku ya nne akawapigia simu wanawe, wakafika, akawaonyesha pale anapotaka kaburi lake. Nyundo zake na misumeno akawagawia. Mkewe, kwa kukosa la kufanya, akaja kumwita Leonida, "kwa sababu wewe si ulikuwa unaosha pale kwa daktari wa meno?"

Kuosha. Leonida alilimeza hilo, akaenda.

Meno yalikuwa ndani ya glasi ya maji, na maji yalikuwa ya maruni. Hakuhitaji kuangalia mara ya pili. Hata shule yenye sweta ya rangi ile aliijua.

"Mzee, hii si damu. Huna kansa. Ni rangi ya uzi wa sweta, haukufuliwa."

Mzee Wakoli alimtazama kutoka kitandani. "Sweta. Ndani ya mdomo wangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi."

"Basi, mama, niache nife na heshima yangu."

Leonida alimsimulia Bridgit, na wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Wacha imtokee puani!" Bridgit akasema, akifuta machozi. "Na usithubutu kutia mguu huko. Wacha alie." Siku mbili nzima Leonida alitembea na raha tamu kifuani. Tusimtakase: alifurahi. Alimwona Shitanda usingizini akifukuzwa na watu wenye midomo myekundu, akaamka akitabasamu.

Siku ya tatu alipita mbele ya kliniki akienda sokoni. Kwenye benchi la nje walikaa watu sita au saba, wote wazee, kila mmoja na leso mdomoni. Mwanamke mmoja alitema kwenye leso yake, akaitazama, akaikunja haraka ili jirani asione. Alikuwa na umri wa mama yake Leonida. Alikuwa na aibu ile ile, ya kuonekana mdomo. Ile raha ikamtoka Leonida hapo hapo barabarani, akabaki na hasira peke yake. Akaingia.

Daktari Shitanda alikuwa amekonda. "Dada," akasema, akainuka. "Dada, wananimaliza. Tumebadilisha unga, tumebadilisha maji. Umejua ni nini?"

"Najua. Weka jina langu kwenye cheti, nitakuambia."

"Kesho! Kesho nampigia wakili."

"Mpigie sasa."

"Yuko kortini, hachukui simu. Dada, kwani hujaniamini? Mimi na wewe?"

Leonida alimtazama, na akajua kabisa, kama anavyojua kuta za nyumba yake, kwamba hakuna simu itakayopigwa leo wala kesho. Angeweza kugeuka atoke. Mguu ulikuwa tayari. Lakini pale nje yule mama alikohoa, akatema, na Leonida akasikia kimya kilichofuata, kimya cha mtu anayekagua leso.

"Uzi unafuliwa kwanza," akasema. "Chumvi na siki. Unauchemsha mara saba, mpaka maji yawe meupe."

Daktari akavuta daftari. "Kufua tu?"

"Kufua tu."

Akaandika. Hakumwambia hata akae.

Mwezi uliofuata, kwenye lile bango la kliniki paliongezwa maneno: SASA KWA MFUMO WETU WA KUSAFISHA MARA SABA. Wagonjwa wote waliitwa, wakabadilishiwa meno, na daktari mwenyewe akawaeleza mmoja mmoja, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ile haikuwa damu. Wakamwamini. Wakili, nasikia, bado yuko kortini.

Jumapili moja kanisani mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda, na Mzee Wakoli akasimama. Alikuwa amenenepa. Akasema alikuwa mtu wa kaburi, wanawe ni mashahidi, nyundo zake zote alikuwa amegawa, na sasa anatafuna hata mahindi ya kuchoma. Akamshukuru Mungu, na baada ya Mungu, Daktari Shitanda. Kanisa lote likapiga makofi. Leonida, kiti cha nne nyuma yake, akapiga makofi pia, maana angefanya nini?

Nje, baada ya ibada, mzee alimtafuta katika watu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Ashley! Wewe ulikuja kunisumbua na sweta, sweta, mimi nikiwa nakufa." Akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi wote mbele ya jua. Ufizi ulikuwa mzuri. Mishipa imetulia, weusi upo pale unapotakiwa, na mate yalikuwa meupe kama maji ya kisima. "Si sasa umeona kazi ya mtu aliyesoma?"

Leonida aliutazama ule ufizi mpaka mzee alipofunga mdomo.

"Nimeona, Mzee," akasema.