Makofi ya Kumaliza

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Nilichimba dhahabu kwenye machimbo ya Omate nikiwa kijana, kilima kikanitema muzima, na leo kamyo tatu zinazopanda barabara ya Masisi njo zangu. Lakini juzi, nikipakia maharagwe kwenye soko la Kingi, nilisikia makofi yakitoka kwenye mukutano wa mukubwa mumoja: pa-pa-pa, kisha kimya ghafla. Kamba ikaniponyoka mukononi. Ninyi niwaambie sababu; watoto wangu hawana masikio ya mambo haya.

Tulikaa Nyabiondo, Papa akilima kilima kilekile alicholima babu. Kila Jumamosi kulikuwa salongo: kila nyumba inatoa muntu na jembe, tunaziba mashimo ya barabara. Na siku zile tulifundishwa kwamba muntu akimaliza kusema mbele ya watu, anapigiwa makofi. Ilituingia mpaka kwenye mifupa. Katekisti wetu alipotangaza kifo cha mama mukwe wake, alipigiwa makofi pia, na wengine walisema alistahili.

Basi akaja muntu wa serikali, koti limepigwa pasi, akatuambia salongo sasa itafanyika kwenye shamba lake la makabichi. Makofi. Papa akasimama. Jana yake jirani yetu, Papa Baroki, alikuwa amemwambia kando ya moto wetu, "Useme tu, kaka, tuko nyuma yako."

"Mukubwa," Papa akasema, "salongo iko ya barabara. Wagonjwa tunawabeba ku mabega mpaka hospitali. Sasa hii makabichi yako, wagonjwa watapita juu yake?"

Watu wakaficha vicheko ndani ya viganja. "Nimemaliza," Papa akasema, akakaa. Na watu, kwa mazoea tu, wakapiga makofi. Makofi makubwa! Nilivimba kifua. Niliona Nyabiondo yote imesimama na baba yangu.

Yule mukubwa naye aliona vilevile.

"Kumbe uko na jeshi," akasema polepole. Akamunyoshea Papa Baroki kidole. "Wewe! Ulimupigia makofi ya nini?"

"Ya kumaliza tu, mukubwa," Papa Baroki akajibu, macho kwenye vidole vya miguu. "Alisema amemaliza."

Hakuna aliyecheka. Baba yangu angesema bila makofi, wangemuita mulevi na kumufukuza. Kwa sababu ya makofi alikuwa kiongozi wa waasi. Askari wa yule mukubwa walimufunga mikono wakamupeleka kufungiwa ndani ya cachot ya Masisi, na watu wakachukua majembe wakaenda kwenye makabichi.

Mama aliuza ng'ombe wetu pekee ili wamuachie. Papa alirudi amekonda. Kuanzia hapo, kila mukutano alikaa mbele, na alipiga makofi kabla musemaji hajamaliza. Vijana walinifuata njiani: "Mutoto wa Papa Makofi! Tupigie kidogo!" Niliona haya, nikamuchukia, nikakimbilia machimbo ya Walikale bila kumuaga.

Leo kwenye kila kizuizi mimi huyu, mwenye kamyo tatu, ninavua kofia. Ninacheka mizaha ya mwenye bunduki hata kama haichekeshi. Nimejibu "ndiyo, chef" mara nyingi kuliko nilivyosali. Na ni hapo, kwenye usukani, nilielewa: Papa hakuvunjika. Alitununulia usingizi kwa viganja vyake, ili wasirudi tena nyumbani kwetu. Hata Papa Baroki simulaumu. Naye alikuwa na watoto ndani ya nyumba. Nilitaka kumuambia Papa hayo yote, nikafika Nyabiondo nikakuta amezikwa.

Watu wanasema nimefika mbali kwa nguvu yangu, na ni kweli, sijishushi. Lakini maziwa ya yule ng'ombe njo yalilipa shule yangu. Alipouzwa, nilitolewa shule nikimaliza mwaka wa ine wa primaire. Miaka miwili ilibaki hapo, na sita ya sekondari. Makofi yale yalinigharimu miaka munane.