Mzee wa Mstari wa Mwisho

Karani wa orodha pale kliniki ana vidole vizito na mdomo mwepesi. Kila asubuhi mapokezi humletea faili la wagonjwa lililojaa vijialama visivyoonekana mwishoni mwa mistari, na skripti yake, amri chache za kompyuta alizoandika mwenyewe, huvifagia huku akinong'ona, "Haya tokeni, hamkualikwa." Lakini kabla ya kufagia hushuka hadi jina la mwisho, akagonga Enta mara moja, taratibu, kama anayefunga mlango mtoto kalala. Tabia hiyo aliinunua kwa aibu. Zamani skripti ilikuwa ikiutupa mstari wa mwisho kama haukufungwa kwa Enta, jina hilo likakosekana kwenye orodha ya nesi, naye hakujua, hadi siku alipomkuta mzee mmoja amebaki peke yake kwenye benchi, kadi mkononi.

"Bado tu, baba?"

"Wiki ya tatu naambiwa simo. Mwanangu, kama nimekufa, si mngeniambia?"

Karani alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akamketisha mbele ya kompyuta, akamwonyesha jina lake chini kabisa, kwenye mstari usiofungwa. "Gonga hapa, baba." Mzee akagonga kwa kidole kimoja, akarudi benchini kungoja huku karani akiifagia orodha upya. Nesi alipoliita jina lake, madirisha yalitikisika: "Nipo!"