Trogoni na Maharage ya Bondeni

Kilichoninyima usingizi ni maharage. Yalikuwa pembeni ya picha, chini upande wa kushoto, mistari michache ya kijani kibichi, na nyuma yake kijito kikimetameta. Katikati ya picha alikaa ndege niliyemtafuta tangu nimalize chuo. Mtu mwingine angemtazama ndege. Mimi kila nikifumba macho naona maharage.

Nilizaliwa Kibondo, nikasomea wanyamapori, na baada ya kuhitimu nikaja Kasulu kuishi kwa dada yangu na kujitolea katika ofisi moja inayoshughulikia misitu. Kujitolea maana yake unawahi kuliko wote na mwisho wa mwezi unaomba nauli. Mkuu wangu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliniambia ataniombea mkataba nikionyesha kitu. Kitu gani, hakusema. Niliogopa kuuliza nisije nikaonekana sijui, kisha nikaogopa kwamba kutokuuliza ndiko kunakoonyesha sijui.

Nikaamua kitu hicho kiwe trogoni. Ni ndege wa misitu ya kando ya mito, tumbo jekundu, mgongo wa kijani. Akihisi mtu yupo, anageuka, anakupa mgongo na kutulia, na hapo huwezi tena kumtofautisha na majani. Misitu ya namna hiyo huku kwetu imebaki vipande vipande. Kipande kimoja kilikuwa bondeni kwa mama anayetuuzia magimbi sokoni. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi. Yeye ni raia sasa, analima Nyakitonto, nje ya mji.

"Njoo uitazame hiyo miti, mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu. "Ila nyoka wapo, usije ukasema sikukwambia."

Kamera niliazima kwa shemeji yangu, mume wa dada, ambaye hupiga picha za harusi.

"Shemu, lenzi hii imezoea mabibi harusi," alisema akinivalisha mkanda shingoni. "Ukiirudisha na tope, utapiga wewe sendoff ya Jumamosi, kwa macho."

Nilikwenda bondeni mara kadhaa bila kuona kitu. Ijumaa moja, mwisho wa kiangazi, nilikaa kwenye mizizi huku mama akipalilia maharage yake ng'ambo ya kijito, karibu na maji. Ikaja sauti nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Nikamwona juu ya tawi, amenipa mgongo. Ili nilipate tumbo lake ilibidi nivuke kijito na kulala kifudifudi ng'ambo, nyuma ya maharage, kamera nimeiinua kidogo. Picha za mwanzo zikawa ukungu mtupu. Mama aliponiona nimelala kwenye matope akacheka kwa sauti. Ndege akageuza kichwa kumtafuta aliyecheka, kisha mwili wote. Nikabonyeza.

Nikiwa bado kwenye bodaboda nilikipiga picha kioo cha kamera kwa simu, nikaituma nzima kwenye kundi la ofisi. Sikupunguza kingo. Nilitaka waone kwamba nimeipiga mimi, sikuiokota mtandaoni.

Mkuu alijibu kabla sijafika mjini. "Safi sana binti. Nitumie lokesheni. Jumatatu tunakwenda na gari."

Hapo ndipo nikaitazama picha vizuri, nikayaona maharage ya mama. Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, na mimi mwenyewe nimekwenda na gari la ofisi vijijini. Nimeona mboga zikifyekwa, na mwenye shamba amesimama kando, mikono nyuma, akijibu "ndiyo afande" kwa mtu asiye afande.

Sikumjibu mkuu. Nilijiambia labda maharage hakuyaona. Nikajiambia kama hakuyaona kwenye simu atayakanyaga Jumatatu. Nikajiambia pia kwamba sheria haikukosea: udongo unaolimwa pale unateremka kijitoni, kila kiangazi jembe linasogea mitini, na siku moja ndege huyu hatakuwa na tawi. Nikimficha mama, namuuza ndege. Nikimtetea ndege, nampelekea mama gari. Dada alinikuta asubuhi nimekaa kitandani.

"Wewe utakuja kuwaza hata namna ya kupumua," alisema.

Jumapili nilirudi Nyakitonto. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado na kitenge chake kizuri. Nikampa simu. Aliitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho.

"Hukusubiri yatoe maua," alisema. "Yangependeza zaidi."

"Mama, nilipiga ndege."

"Ndege namwona. Nasema maharage." Akakigusa kioo kwa kidole. "Umepeleka ofisini? Vizuri. Waone kwamba sisi hatukupewa uraia ili tukae tu."

Nilitamani nimwache na furaha hiyo. Nikamweleza sheria, nikamweleza gari. Nilizungumza Kiha, lugha tunayoelewana sote wawili, ili nisijifiche nyuma ya maneno ya ofisini, na kwa Kiha ilisikika mbaya zaidi. Alinirudishia simu.

"Huko juu kiangazi hakuoti kitu," alisema. "Haya ndiyo tunayokula mpaka mahindi yakomae. Wajukuu nitawapa huyo ndege?"

"Hapana, mama."

"Umeshawaambia ni wapi?"

"Bado."

Hakuniomba nisiseme. Aliniuliza kama nimekula, akaenda jikoni. Nilikaa barazani nikitafuta njia ambayo ingemwachia mama maharage, ndege miti, na mimi mkataba. Kila niliyoipata ilihitaji mmoja wetu adanganywe. Nilipokuja kuletewa ugali nilikuwa nimeacha kutafuta. Nikala, nikaifuta picha kwenye kundi, kwa wote.

Jumatatu mkuu alinisubiri nje ya ofisi, funguo mkononi.

"Binti, kiti cha mbele ni chako leo. Twende wapi?"

"Sitasema, mkuu."

Akacheka, akidhani natania. Nilipobaki nimesimama akaacha kucheka. "Unajua kumbukumbu ya ndege bila mahali haina kazi? Nitawaandikia nini wakubwa kuhusu mkataba wako?"

"Najua haina, mkuu."

"Kuna nini huko?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima, marefu, yenye sababu za mama na za ndege na za sheria. Ningeanza moja tu, angejua pa kuanzia kutafuta.

"Kuna mtu aliyenikaribisha," nikasema. "Na jina la mahali pake silitaji."

Nikampita, nikaingia ndani kufagia.