Kwenda Kurui Kuulizia Ndege ya Baba

Niliondoka Mkuza kwa sababu ya sentensi moja. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na misa ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba, na mama alitaka wasifu usomwe tena, safari hii habari ya ndege iwemo. Siku ya mazishi kaka Eliya aliiacha.

Baba alisomea ufundi wa ndege Urusi akiwa kijana. Alituambia miaka yote kwamba huko aliwahi kukaa ndani ya ndege ya kubebea viongozi, ya masafa marefu, iliyotokana na ndege ya kivita ya kudondosha mabomu. Alisema abiria na rubani walikuwa hawaonani, wanaandikiana vikaratasi na kuvituma kwa bomba lenye hewa. Hapo kwenye bomba ndipo watu walipokuwa wanacheka.

Kaka si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mwenyekiti wa jumuiya, na alisema, "Mbele za watu wa Mungu sisomi nisichokijua."

Mama akajibu, "Basi mtu akaulize." Wakanitazama mimi. Nimeishia darasa la saba, sijui kwa nini mimi.

Mlandizi nilifika asubuhi, nikanywa chai stendi, nikatafuta bodaboda wa kunipeleka Kurui kwa Mzee Kibwana, aliyesoma na baba huko Urusi. Kaka akanipigia. "Huyo Mzaramo ni mtani wetu Wanyamwezi. Atakwambia lolote." Kwa haki, hakukosea. Siku ya mazishi Mzee Kibwana ndiye aliyevaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, akivuta mguu, mpaka mama akacheka huku analia. Sasa shahidi wa namna hiyo utamwaminije?

Njia ya Mzenga ni vumbi jekundu na mikorosho. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, kila nikiyapanga naona hayafai.

Kurui, mchana, nilimkuta uani anamenya mihogo na mkewe, Bi Zena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnyamwezi, umefuata nini? Mzigo wenu tulishazika."

"Mwache mtoto anywe maji," Bi Zena akasema.

Nikanywa, nikauliza habari ya ndege.

"Baba yako? Akae kwenye ndege? Yule ngazi tu ilikuwa inamtoa jasho."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwambia, "Baba, mwenzio hana mwingine wa kumsemea. Ukitania leo, kaka hatasoma."

Akaweka kisu chini. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Haya. Utani ukae nje kidogo. Ndege ilikuwepo, imeegeshwa pale chuoni, imeshazeeka, wanafunzi wanaonyeshwa. Usiandike iliruka. Tukiwa ndani haikuruka hata siku moja."

"Sitaandika."

"Unapandia tumboni. Pale palipokuwa pa mabomu wametia chumba, viti, meza, mapazia. Baba yako akakaa kiti cha dirishani kama waziri. Mimi nikaenda chumba cha rubani. Ndani hamna njia ya kupita, unashuka kwenye theluji, unapanda tena mbele. Mara bomba likapuliza, kikaratasi kikanifikia. Nakifungua, ameandika, 'Konda, nishushe Mlandizi.'"

Bi Zena akacheka. Yeye hakucheka.

"Mama yako alikuwa Mlandizi kwa shangazi yake, hawajaoana bado. Nikamrudishia, 'Mlandizi tumeshapita, jiandae Chalinze.' Nikangoja jibu, kimya. Nilipomfuata nikamkuta uso ameugandisha dirishani. Nje hamna kitu, theluji tu. Nikakaa naye."

Akavaa kofia. "Sasa toka na mihogo hii, usije ukasema Mzaramo mchoyo."

Jioni nilirudi kupitia Mlandizi, na nikaiangalia stendi ile kama sijawahi kuiona. Kama kuna nililojifunza, ni kwamba mtani naye ana ukweli wake. Anautunza, anangoja aombwe vizuri.

Nyumbani niliwaeleza vilevile, pamoja na kwamba ndege haikuruka. Kaka akauliza, "Una hakika hakuwa anatania?"

"Alivua kofia."

Mama akauliza kitu kimoja tu. "Aliandika Mlandizi?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo hakuniambia," akasema, akaenda kuinjika mihogo.

Jumamosi, kaburini, kaka alisoma. "Aliwahi kukaa ndani ya ndege ya viongozi iliyotokana na ndege ya mabomu. Haikuruka." Karatasi niliyomwandikia iliishia hapo, maana la Mlandizi niliona ni la mama. Lakini kaka alikunja karatasi, akamtazama mama, akaongeza, "Humo ndani aliomba ashushwe Mlandizi."

Nyuma ya watu Mzee Kibwana, ndani ya koti la baba, akapaza sauti ya konda, "Mlandizi tumeshapita, mzee, jiandae Chalinze."

Watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa ameushika msalaba mpya kwa mkono mmoja.

"Mshushe, konda," akasema taratibu. "Mwenyeji wake nipo."